Picha ya Kifutio Mbele ya Goli

Haya nilisimuliwa na shoga yangu aliyekuwa mfagiaji wa studio ya picha, tukiwa kwenye foleni ya kupimwa macho, mwaka ule tulipoambiwa kila mtu aje na stuli yake kwa sababu mabenchi ya hospitali yamepelekwa kupakwa rangi. Foleni ilikuwa ndefu, na shoga yangu si mtu wa kufupisha jambo, kwa hiyo niliyasikia yote. Pale aliporuka nilimrudisha nyuma.

Studio ile ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na kiti chenye mto mwekundu, taa mbili zenye miavuli, na pazia kubwa la turubai lililochorwa bustani: ngazi za mawe, maua ya waridi, na ndege mmoja ambaye mchoraji alimsahau jicho. Chumba cha nyuma kilikuwa na kompyuta, feni inayokohoa, na mwanamke wa miaka arobaini na miwili ambaye mtaa mzima ulimwita Kifutio.

Jina alilipata kwa kazi yake. Mteja akishapigwa mbele, picha yake ilikwenda nyuma, na Kifutio akafuta. Alifuta vipele, makovu, jasho, makunyanzi na ile mifuko ya chini ya macho ya watu wasiolala. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Mtu alipokea picha yake, akaitazama, akasema, "Hapa nimetoka mwenyewe hasa," kumbe aliyetoka pale ni mtu mwingine, wa ukoo mmoja naye lakini mwenye bahati zaidi. Kwa miaka kumi na sita hakuna aliyelalamika.

Kila mwanzo wa mwaka kazi ilikuwa ya kiwanda. Ng'ambo ya reli kulikuwa na kiwanda cha kutia vitambaa rangi, na wafanyakazi wake zaidi ya mia mbili walikuja kupigwa picha za kadi za kazi. Picha moja ilibandikwa kwenye kadi, nyingine ikaingia kwenye faili. Pamoja na wafanyakazi ilikuja karatasi yenye maneno matatu: Sura ziwe safi.

Karatasi ile ilikuwa na sababu yake. Watu wa mapipani, wale wanaochovya vitambaa kwenye mapipa ya rangi, walikuwa na madoa. Mengine ya kijani, mengine ya buluu, mengine rangi ya kutu, kila moja kama dengu au kama kifungo cha shati. Hayakutoka kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia. Yalianza shingoni, yakapanda shavuni, na watu wa mapipani walijua safari yake: doa likifika kwenye kope, linaingia jichoni, na likishaingia, mtu anarudi nyumbani na fimbo. Watatu walikwisharudi hivyo.

Mdogo wake Kifutio alikuwa mtu wa mapipani. Waliishi pamoja, dada na mdogo, katika chumba kimoja na kibaraza. Kila mwaka mdogo mtu alikaa kwenye kile kiti chekundu, akainamisha shingo kama malkia, akapaza sauti kuelekea chumba cha nyuma.

"Dada! Nifute vizuri leo! Mwaka jana uliniachia moja sikioni."

"Ulitikisika."

"Nani, mimi? Kamera yenu ndiyo ina homa."

Na Kifutio alimfuta. Wengine aliwafuta kwa kazi, huyu alimfuta kwa mapenzi, doa moja baada ya jingine, mpaka akabaki kama siku aliyoanza kazi akiwa na miaka kumi na tisa.

Mwaka wake wa saba kazini, kwenye mwezi wa nne, doa la kijani lilifika kwenye kope la kushoto la mdogo mtu. Akaandika barua ya kuomba ahamishiwe chumba cha kukunja vitambaa, kule kusikokuwa na mvuke. Barua ikampeleka kwa daktari wa kiwanda. Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu nne mfukoni. Alimkaribisha kiti, akafungua faili, akapanga picha saba mezani kama mtu anayepanga karata.

"Mwaka wa kwanza, safi," akasema. "Wa pili, safi. Wa tatu, safi. Wa nne, wa tano, wa sita. Na huu wa saba, wa miezi mitatu iliyopita, safi kabisa. Kwa hiyo haya madoa ni ya juzi. Umebadilisha sabuni nyumbani?"

"Sijabadilisha, daktari."

"Badilisha."

Akafunga faili.

Mdogo mtu alimhadithia dada yake kibarazani wakiosha vyombo. Alimwigiza daktari, na kalamu zake nne, na jinsi anavyolamba kidole kabla ya kufungua ukurasa, mpaka Kifutio akacheka akaangusha kikombe. Halafu mdogo mtu akafuta mikono.

"Dada, ulinifuta sana," akasema.

Kifutio aliinama. Aliokota kikombe. Hakikuvunjika.

Wiki hiyo hiyo, ng'ambo ya barabara, ilifunguliwa studio mpya. Dirishani waliweka picha kubwa za mafundi wao wenyewe, wanacheka, wameegemea ukuta, upepo umewashika nywele. Mwenye studio ya kina Kifutio, mzee aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alivuka barabara akaangalia, akarudi na kwenda moja kwa moja chumba cha nyuma.

"Kifutio, nataka picha yako dirishani."

"Yangu, bosi? Nani atainunua?"

"Haiuzwi. Watu wanataka kumwona aliyewatengeneza. Lakini ujipige mwenyewe. Na ujipige nje, si humu ndani, humu tunajulikana. Na iwe na hisia."

"Hisia gani?"

"Nitajuaje mimi? Hisia ni zako."

"Bosi, kinyozi hajinyoi."

"Basi huyu ajinyoe. Jumamosi asubuhi naitaka dirishani."

Kifutio hakuwa na picha yake hata moja tangu ya kitambulisho. Alifikiri siku mbili. Alijaribu kucheka mbele ya kioo kama wale wa ng'ambo, akajiona kama mtu anayeonyesha jino kwa daktari. Siku ya tatu alimwita shoga yangu, wakaliteremsha lile pazia la bustani, wakalikunja. Shoga yangu akajitwika kichwani, Kifutio akabeba kamera na stendi ya miguu mitatu, wakatoka.

"Tunalipeleka wapi?"

"Nje. Si amesema nje?"

"Mtu anakwenda nje kwa ajili ya bustani, wewe unakwenda na bustani yako. Makubwa haya."

"Miaka kumi na sita nakaa nyuma ya hili pazia," Kifutio akasema. "Nikijipiga bila hilo, nitakuwa nimempiga mtu mwingine."

Nyuma ya reli kulikuwa na uwanja wa mpira uliokuwa haujachezewa siku nyingi. Nyasi zilikuwa za magotini, goli moja lilianguka, jingine limesimama bila wavu. Walilitundika pazia kwenye mwamba wa juu wa goli kwa vibanio vya nguo. Ilikuwa saa kumi, jua limeanza kulala upande mmoja, mwanga ule ambao wapiga picha huusubiri kutwa nzima. Ukitazama kwa kamera uliona bustani ya waridi katikati, na pande zote mbili nyasi kavu, bomba la moshi la kiwanda na mbingu.

Shoga yangu alijitolea kubonyeza.

"Ukibonyeza wewe itakuwa picha yako," Kifutio akasema.

Kwa hiyo kamera ilitegwa ijipige yenyewe baada ya sekunde kumi. Kifutio alibonyeza akakimbia. Picha ya kwanza ilimpata mgongo. Ya pili ilipata kiatu. Ya tatu alifika mapema, akasimama wima mikono ubavuni kama anayeimbiwa wimbo wa taifa. Ya nne mbuzi alipita, akasimama mbele ya kamera, na akatoka vizuri kuliko wote.

"Mweke huyu dirishani," shoga yangu akasema. "Ana hisia."

Ya tano na ya sita hazikufaa. Ya saba, Kifutio alikuwa ndiyo kwanza anafika pale upepo ulipoinuka kutoka upande wa reli. Pazia likavimba, likang'oka vibanio viwili, likachanika kwenye msumari wa goli kuanzia ngazini mpaka karibu na yule ndege. Kifutio aligeuka kulishika. Nusu yake ilikuwa mbele ya waridi, nusu nje kwenye nyasi, mkono umenyooshwa, mdomo umefunguka ili aseme jambo. Kamera ikalia.

"Hiyo," akasema, kabla hajaiona.

"Mdomo umeachama."

"Ndivyo nilivyo."

Asubuhi ya Ijumaa aliifungua kwenye kompyuta. Alianza na yale ya kawaida. Alitia mbingu giza kidogo ili jua lionekane linatoka mahali fulani. Aliuacha mpasuko wa pazia ulivyo. Alikata sikio la mbuzi pembeni. Alipunguza rangi ya waridi, akaongeza ya nyasi, maana alitaka mtu akiitazama asijue aangalie kipi kwanza. Halafu akaivuta sura karibu.

Nusu iliyokuwa mbele ya pazia ilikuwa sura yake kama anavyoijua. Nusu iliyokuwa nje ilijaa alama. Palikuwa na vipele, makovu, mabaka, alama za ndui, chunjua, mikwaruzo ya paka, na katikati ya hayo, kuanzia shingoni hadi paji la uso, madoa ya kijani, ya buluu na ya kutu, yamebanana kama watu kwenye mlango wa hospitali.

Alichukua kioo cha mkononi akajitazama. Usoni kwake hamkuwa na kitu zaidi ya alivyoamka nacho. Akaweka kioo chini, akashika kipanya, akaanza kufuta, kwa mazoea tu. Alama zilifutika, na alipoinua mkono zikarudi mahali pake. Alizima kompyuta, akaiwasha. Zilikuwepo. Hapo ndipo alipoacha kufuta na kuanza kutazama, na alipotazama alizijua. Dobi wa miaka kumi na sita anajua kila kifungo ni cha shati la nani.

Akamwita shoga yangu.

"Hiyo chunjua si ya mwalimu mkuu mstaafu?" shoga yangu akauliza.

"Ndiyo."

"Na hiki kipele ni cha yule bibi harusi wa siku ya mvua."

"Ndicho hicho."

"Wote wapo?"

"Wote."

Shoga yangu akarudi kufagia, kwa kuwa ilikuwa saa ya kufungua mlango. Mwenye studio alipofika aliitazama picha kwa miwani ya machoni, akashusha ya kwenye paji la uso akaitazama tena kwa ile.

"Ina hisia," akasema. "Ichapishe kubwa."

Jumamosi asubuhi ilikuwa dirishani, kimo cha mlango. Watu walipita, wakasimama. Mwalimu mkuu mstaafu alikuja amevaa kofia, akaiona chunjua yake kwenye shavu la Kifutio, akacheka.

"Kaa nayo, mwanangu. Imekupendeza kuliko mimi."

Bibi harusi wa siku ya mvua, ambaye sasa alikuwa mama wa watoto wawili, alisema mumewe huuliza kila mwaka kile kipele kilikwenda wapi, na sasa atamwambia. Aliyeingia ndani ni fundi saa wa mtaa wa pili. Alikuwa na kovu kidevuni, na kovu hilo hilo lilikuwa dirishani.

"Naomba ulirudishe kwenye picha yangu," akasema. "Kaka yangu ndiye aliyenipiga jiwe, tulikuwa tunagombania baiskeli. Sasa ni marehemu. Picha zetu nimezitundika pamoja, na pale ukutani anaonekana mtu mwema tu, hajawahi kunigusa. Simtambui."

Kifutio aliitafuta picha ya fundi saa kwenye kompyuta, akaifungua karibu na yake. Alilichukua kovu kutoka kwenye shavu lake, akaliweka kwenye kidevu cha mwenyewe. Likakaa. Kwenye picha ya Kifutio pakabaki peupe, na dirishani pia pakabaki peupe, ingawa picha ya dirishani ilikuwa karatasi na hakuna aliyeigusa. Jioni fundi saa alirudi kusema kwamba picha ya ukutani kwake imepata kovu, na kaka mtu sasa anafanana na alivyokuwa. Hakuombwa, lakini aliiteremsha saa ya studio, iliyokuwa imesimama mwaka mzima, akaitengeneza.

Kifutio alikaa akiisikiliza saa ile. Kisha akafungua faili za kiwanda.

Ilimchukua mpaka Jumatatu usiku. Alianza na mdogo wake. Picha ya mwaka wa kwanza aliiacha, maana hakuwahi kuigusa: siku ile mdogo wake alikuwa na miaka kumi na tisa na hapakuwa na cha kufuta. Ya mwaka wa pili alirudisha doa moja la buluu chini ya sikio. Ya tatu, manne. Ya nne, tisa, na mstari wa kutu kwenye taya. Alikumbuka kila moja lilikaa wapi, kwa sababu kila moja alilifuta kwa mapenzi. Alipomaliza picha saba alikuwa ameuona uso wa mdogo wake ukitembea kutoka usafi mpaka kwenye kope, mwaka kwa mwaka, kama mtu anayepanda ngazi. Halafu akaendelea na wale wengine mia mbili na ushee, kwa kuwa si haki kumrudishia mmoja.

Jumanne asubuhi mlinzi wa lango la kiwanda alikagua kadi kama kawaida. Alitazama kadi, akatazama sura, akatazama kadi.

"Leo mmefanana," akasema, akawafungulia.

Siku ya Jumatano dada na mdogo walikwenda pamoja kwa daktari. Kifutio alivaa gauni lake la mikutano. Mdogo mtu alikuja na nguo za mapipani kwa sababu alitoka zamu. Jicho la kushoto lilikuwa linatoa machozi, na aliyafuta kwa ncha ya kitenge kila baada ya maneno matatu.

"Karibuni," daktari akasema. "Huyu ni nani?"

"Dada yangu."

"Karibu, dada. Sabuni mmebadilisha?"

"Daktari, tunaomba utazame faili," Kifutio akasema.

Daktari alilamba kidole, akafungua, akapanga picha saba mezani. Alizitazama moja moja. Hakushtuka. Alichukua kalamu ya kwanza, akaijaribu, ikakataa, akachukua ya pili.

"Kumbe madoa yapo," akasema.

"Yapo, daktari. Tangu mwaka wa pili."

"Yapo tangu zamani. Basi nilikosea mara ile, na mtu akikosea husema. Nilisema ni ya juzi. Si ya juzi." Akaandika. "Hivi ndivyo sura yake ilivyo. Ni ya kuzaliwa."

"Si ya kuzaliwa," mdogo mtu akasema. "Tazama ya kwanza. Siku naanza kazi. Sina hata moja."

Daktari aliinua picha ya kwanza, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Msichana wa miaka kumi na tisa alimtazama, shingo imeinama kidogo, ngozi kama maziwa ndani ya kikombe kisichotikisika.

"Imepigwa studio ipi hii?"

"Yetu," Kifutio akasema.

"Na wewe ndiye unayesafisha?"

"Ndiyo."

"Unasafisha zote?"

"Nilikuwa nasafisha zote. Hiyo sikuigusa."

"Dada," daktari akasema kwa upole, na shoga yangu anasema upole ule ulikuwa wa kweli, "picha saba. Sita zina madoa, moja haina. Kati ya hizo, ipi inaonekana imesafishwa?"

Kifutio alifungua mdomo. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea meza, na nusu ya uso wake ilikuwa kwenye mwanga wa dirisha.

"Hiyo sikuigusa," akasema tena.

"Nakuamini. Lakini mimi naandika kinachoonekana." Akamaliza kuandika, akagonga muhuri. "Ombi la kuhama limekataliwa kwa sababu hali haitokani na kazi. Na kingine, dada, picha za mwaka ujao tafadhali sura ziwe safi. Hizi zinachafua faili."

Mdogo mtu alirudi mapipani mchana huo huo. Wiki iliyofuata wakampanga zamu ya usiku, kwa kuwa usiku mwanga ni mdogo na jicho halisumbuliwi. Waliompangia waliona wamemfanyia wema.

Mwanzo wa mwaka karatasi ya kiwanda ilikuja tena studio, na maneno yake matatu. Kifutio aliisoma, akampa mwenye studio, akasema hatafuta. Mwenye studio alishusha miwani, akapandisha miwani.

"Wataipeleka kazi ng'ambo ya barabara."

"Waipeleke."

Waliipeleka ng'ambo. Fundi wa ng'ambo alifuta sura zote mia mbili na ushee kwa siku mbili, kazi safi, na faili za kiwanda zikapendeza. Wiki ya pili ile picha yake ya dirishani, ambamo anacheka ameegemea ukuta, ikaanza kuota madoa ya kijani upande wa kushoto. Wiki ya tatu alivuka barabara akaingia chumba cha nyuma.

"Samahani, dada. Unazifanyaje alama hizi?"

"Unazirudisha kwa wenyewe."

"Zinarudi?"

"Zinarudi."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Fundi alifikiri, akashukuru, akaenda zake. Picha hakuitoa. Watu wa mapipani wakiwa njiani kwenda zamu walizoea kusimama pale dirishani kidogo, kila mmoja akitafuta la kwake kwenye shavu la yule mtu anayecheka. "Langu lile pale." "Lako limekua." "Sogea basi na mimi nione." Kisha waliwahi lango.

Picha ya Kifutio ilibaki kwenye dirisha la studio yao, na sasa, baada ya alama zote kurudi kwa wenyewe, hata chunjua ya mwalimu mkuu, ilikuwa na uso wake tu, pande zote mbili sawa, mdomo umefunguka. Wateja walisema ni picha nzuri ila ingependeza kama angecheka. Pazia la bustani halikufaa tena kazi kwa ule mpasuko. Mwenye studio alinunua jingine, lenye maporomoko ya maji, na la zamani akampa Kifutio. Aliliosha, akalikata, akalitundika kwenye dirisha la chumba chao, kwa sababu mtu wa zamu ya usiku hulala mchana na jua la chumba kile lilikuwa kali.

Jumapili moja mdogo mtu alirudi kutoka zamu akamkuta dada yake amelala chali kwenye mkeka, miwani bado usoni, kamera ya studio kwenye mfuko kando ya kichwa. Siku hiyo studio ilifungwa. Mdogo mtu alimvua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya rafu. Alinawa uso, akajifuta taratibu, kope la kushoto mwisho, akajilaza kitandani. Jua lilikuwa nyuma ya pazia, na waridi ziliwaka, na ngazi, na mpasuko ulioshonwa kwa uzi mweusi, na yule ndege.

"Dada," akaita kwa sauti ya chini. "Huyu ndege bado hujamchora jicho?"

Dada alikuwa anakoroma.

Mdogo mtu akafumba jicho la kulia, akabaki na la kushoto. Bustani ikawa kijani kitupu, kama ndani ya pipa. Akalifumbua. Bustani ikarudi. Akafumba tena, akasubiri kidogo zaidi, akafumbua tena. Ndege alikuwa palepale. Akageukia ukutani, akafumba yote mawili, akalala.